Mlango Uliofungwa Jumanne

Kiatu cha kushoto cha madame Julie kilifika nyumbani kabla ya mwenyewe. Kilikuwa mkononi mwa mama Josée, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye kila asubuhi aliuza mikate ya mafuta mbele ya shule ya msingi alikofundisha Julie, darasa la mwaka wa pili. Aimée alikuwa uani anaanua nguo. Alikitazama kile kiatu cheusi, kisigino kimelika upande mmoja, akajua ni cha mama yake hata kabla ya kuambiwa.

"Anakuya," alisema mama Josée. "Madame wa mwaka wa tatu anamushika mukono. Alianguka mbele ya batoto."

"Anagonjwa?"

Mama Josée aligeuza macho akatazama nguo zilizobaki kwenye kamba. "Joto iko mingi leo," alisema, akaweka kiatu juu ya jiwe la kufulia na kurudi kwenye mikate yake.

Ilikuwa Jumanne. Papa Bertin, mume wa Julie, aliitwa kwa simu akiwa kazini, kwenye kiwanda cha shaba cha Shituru, ambako alikuwa fundi wa umeme kwa miaka ishirini na miwili. Alikwenda shuleni na nguo zake za kazi, kofia ngumu kwapani. Directrice, mwalimu mkuu wa shule, alimkaribisha kiti, akafunga dirisha ili sauti zisitoke.

"Papa Bertin, siye bote tulijua," alisema. "Tulinyamaza juu madame Julie ni mwalimu muzuri. Hakuna anayemupita kwa kufundisha batoto kusoma. Lakini leo batoto makumi ine na saba bamemuona chini. Chupa ikatoka mu sac yake. Mutoto mumoja akaiokota, akanusa, akaambia benzake: hii inanuka sawa papa wangu."

Bertin aliizungusha kofia magotini. Alitaka kusema ilikuwa dawa, lakini directrice alikuwa ameiweka ile chupa mezani, chupa ya maji ya plastiki iliyobaki na lutuku vidole viwili. Pombe ile ya mahindi, nyeupe kama maji, haikuhitaji kufunguliwa ili ijulikane.

"Ninamupa wiki mbili," alisema directrice. "Arudi akiwa muzima, ao asirudi. Na chupa yenu mubebe. Sitaki ilale mu bureau yangu."

Akaibeba. Alipita nayo uwanjani chini ya macho ya watoto waliokuwa mapumzikoni, akiificha ndani ya kofia.

Alipofika nyumbani alimkuta Julie ameoga, amekaa ukingoni mwa kitanda, kitambaa safi kichwani. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho, lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani, tulivu, kila neno mahali pake.

"Bertin, usiseme kwanza. Nisikilize. Minye mwenyewe ninataka kuacha. Mwezi ule mwingine nilienda kumuona infirmière Stéphanie ku hôpital. Alisema nisiache mara moja peke yangu. Alisema mwili ukizoea pombe miaka mingi, ukiunyima kwa siku moja unaweza kukuua. Kuko dawa. Banakulaza siku kumi, banakupunguzia polepole, banakutia serumu. Twende kesho."

Bertin alicheka, lakini hakuna kilichomchekesha. "Pombe ikuue ukiikunywa, tena ikuue ukiiacha? Nani atasadiki maneno ile? Ni mulevi tu anaweza kuyafurahia."

"Muulize Stéphanie mwenyewe."

"Na kule ku hôpital ni nani hakujue, Julie? Nusu ya banesi, batoto yabo ulibafundisha weye kusoma. Batakuona unalala kule juu ya lutuku."

"Basi, banione," alisema Julie.

Hayo ndiyo maneno ambayo Bertin alikuja kuyasikia tena baadaye, akiwa kazini juu ya ngazi, akiwa mezani, akiwa kanisani mtu mwingine anasali. Banione. Mwanamke alikuwa tayari kuonekana. Mwanamume ndiye hakuwa tayari.

Kwa sababu kichwani mwake Bertin alikuwa na mpango mwingine. Mchana ule ule, alipokuwa anaomba ruhusa ya kutoka, mwenzake wa kazi aitwaye Didier alikuwa amemvuta kando. Didier alikuwa na kaka yake huko Kambove, mlevi wa kulala barabarani. Familia ilimfungia ndani siku tatu, kwa maji na uji. Alilia, alitukana, akatapika. Siku ya nne alitoka safi kama sahani iliyooshwa. Hakuna hospitali, hakuna aliyejua. Bertin hakuuliza kama huyo kaka alikuwa bado anaishi, wala kama alikuwa bado safi.

Jioni ile alitoa magunia ya unga na baiskeli mbovu kutoka chumba cha nyuma. Akaweka godoro, beseni, ndoo ya maji na kikombe. Mlango ule ulikuwa na pete mbili za chuma, alitia kufuli. Julie aliingia kwa miguu yake mwenyewe. Hakuburutwa. Labda kwa aibu ya kile kiatu, labda kwa sababu alichoka kubishana, labda alitumaini kwamba mume wake anajua jambo ambalo nesi halijui.

"Siku tatu," alisema Bertin.

"Na mwili ukikataa?"

"Utapiga mulango."

Kisha akamwendea mama Josée uani kwake, akamwambia kwamba Julie ana malaria kali, na daktari amesema asionwe na watu.

"Malaria inaangushaka bantu, njo vile," alijibu mama Josée, na akamwangalia moja kwa moja mpaka Bertin mwenyewe akainamisha uso.

Aimée alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa anasubiri kuanza masomo ya ualimu, kwa hiyo alishinda nyumbani, na ufunguo ukawekwa kwake. Baba yake alimpa mkononi asubuhi ya Jumatano, kabla ya kwenda kazini.

"Atalia," alisema. "Atakuomba kwa jina la Mungu. Ukifungua juu ya kilio yake, weye njo utakuwa umemurudisha mu pombe. Umenisikia?"

"Ndiyo, papa."

Aimée alipoingiza uji, mama yake alikuwa ameegemea ukuta, blanketi mabegani ingawa kulikuwa na joto. Alichukua kijiko. Kijiko kiligonga bakuli, kikagonga meno, uji ukamwagika kifuani. Akakiweka chini, akaficha mikono kwapani kama mtoto aliyefanya kosa.

"Aimée, mwanangu. Unipatie kidogo. Haiko kwa kulewa. Kifuniko kimoja tu, mikono itulie, nipate kula."

"Papa alikataza."

"Najua alikataza. Ninakuomba weye."

Aimée alikuwa na hasira zake, na hasira hizo hazikuzaliwa Jumatano. Tangu akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa ananusa kikombe cha mama yake kabla ya kukiosha. Alikuwa amejifunza kusema "mama amelala" kwa sauti isiyotetemeka. Siku ya sherehe ya diploma yake, mama alikuja amechelewa, akapiga makofi wakati wa sala. Alichukua bakuli, akatoka, akafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakaa jikoni akalia, na alipomaliza kulia hakwenda kuomba radhi.

Usiku ulipita na kutapika. Asubuhi ya Alhamisi Julie alianza kupiga mlango.

Hakupiga kwa fujo. Alipiga mara tatu, akangoja. Mara tatu tena, akangoja. Bertin alikuwa mezani na chai yake na mkate.

"Bertin, haiko vizuri," ilisema sauti. "Moyo unakimbia. Naona wadudu mu ukuta, na najua hakuna wadudu. Munipeleke."

Aimée alisimama. Baba yake akainua mkono bila kumtazama.

"Ni pombe njo inapiga, haiko yeye," alisema. "Didier aliniambia. Siku ya pili njo mbaya. Kaa."

Aimée akakaa. Julie alipiga tena mara tatu, kisha akanyamaza. Bertin alimaliza chai, akaosha kikombe chake mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea, akaenda kazini.

Saa sita mchana Aimée alisikia mama yake anazungumza. Alisogea mlangoni, akafikiri anasali. Hakuwa anasali.

"Adrien?" Kimya. "Adrien hakuja. Mwadi? Mwadi, toa kidole mu kinywa. Shalom? Shalom, wapi cahier yako?"

Alikuwa anaita majina ya darasa. Aliita jina, akangoja jibu kutoka kwenye ndoo na ukuta, akaita jingine. Sauti ilikuwa nzuri, ya subira, sauti ambayo Aimée mwenyewe alifundishwa nayo herufi. Alipofika mwisho wa orodha alianza upya.

Aimée alitia ufunguo. Alifungua, akaingia, akapiga magoti. Mama yake alikuwa ameloa jasho tangu kichwani mpaka miguuni, macho makubwa, yakimpita na kutazama nyuma yake.

"Ma, ni minye."

"Kaa fasi yako," alisema Julie kwa upole. "Tunaanza somo."

Aimée alimpangusa uso, akambadilisha nguo, akamshikilia maji mdomoni. Kisha akampigia baba yake. Ilibidi apige mara nne, kwa sababu kazini simu ziliachwa kwa mlinzi, langoni, mpaka saa ya kula.

"Papa, mama anaita batoto ya shule. Hanijue."

Upande wa pili palikuwa na kelele za mashine. "Umefungua mulango?"

"Papa, hanijue."

"Ninakuuliza, umefungua?"

Jioni Bertin alirudi, akaingia kumwona mke wake. Alisimama pale muda mrefu kuliko alivyokubali baadaye. Julie alimtazama kwa heshima ya mtu anayemtazama mgeni. Bertin aliogopa. Lakini tayari siku mbili zilikuwa zimepita, ilibaki moja, na mtu aliyekwisha kulipa kwa aibu kiasi kile haachi kwa urahisi alichokuwa ananunua. Alifunga mlango. Akamnyooshea Aimée mkono, kiganja juu.

"Unipe ufunguo. Weye uko na moyo mwepesi."

Ijumaa asubuhi aliondoka nao mfukoni.

Haikuchukua saa mbili. Aimée alikuwa anachagua maharagwe aliposikia kishindo, kama gunia limeangushwa, kisha sauti nyingine: visigino vikigonga sakafu, haraka haraka, bila kituo. Aliita. Alipiga mlango. Alitazama kwenye ufa akaona mguu mmoja tu, unaruka. Akampigia baba yake simu, ikalia, ikalia, ikakatika.

Alikimbilia kwa mama Josée. Hakumweleza kitu. Alisema tu, "Mama, mulango umefungwa," na mama Josée, aliyekuwa amemaliza kuuza mikate na anapasua kuni, alikuja na shoka lile lile mkononi. Alipiga pete za mlango mara moja, mara mbili, akakosa, akapiga mbao. Aimée akamnyang'anya shoka. Ni yeye aliyeung'oa ule ubao, kwa pigo la sita au la saba, huku anasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, nisamehe, nisamehe."

Julie alikuwa chini, mgongo umejikunja, povu lenye damu mdomoni, nguo imelowa mkojo. Mama Josée aliketi sakafuni bila kujali, akamlaza ubavu, akamfungua kitenge kifuani, akaweka kichwa chake mapajani.

"Iko inapita," alisema. "Usimuingize kitu mu kinywa. Tafuta gari."

Taksi ya kwanza ilisimama, dereva akaona, akanusa, akaondoka bila kufunga mlango vizuri. Wa pili alishuka kabisa, mzee mwenye miwani.

"Alikunywa nini?" aliuliza.

"Hakukunywa," alisema Aimée. "Aliacha kunywa."

Mzee hakuelewa, lakini alifungua mlango wa nyuma na kutandika gazeti kwenye kiti.

Bertin, aliyekuta simu za Aimée langoni saa ya kula, alifika hospitalini saa saba mchana, mbio, uso umejaa vumbi la kiwanda, ufunguo bado mfukoni. Julie alikuwa amepata kifafa tena mara moja mikononi mwa daktari, na sasa amelala, dripu ya serumu mkononi, mikono imefungwa kwa bandeji laini kwenye vyuma vya kitanda ili asijiumize. Ulimi wake ulikuwa umejeruhiwa kwa meno.

Daktari aliitwa Mathieu, mtu mfupi, mchanga kuliko Bertin alivyotarajia. Alimtoa kwenye korido.

"Nani alikuambia siku tatu?"

"Rafiki wa kazi."

"Rafiki wako ni daktari?"

"Hapana. Ni wa umeme, sawa minye."

Daktari hakupandisha sauti. Ingekuwa rahisi kwa Bertin kama angeipandisha. "Papa, weye ni muntu wa umeme. Utaelewa. Ubongo wa muntu aliyekunywa kila siku kwa miaka unafanya kazi ukikanyagwa na pombe. Pombe ikitoka kwa mara moja, kila kitu mu kichwa kinawaka pamoja. Njo maana tunatoa polepole, na dawa, na vitamini. Bantu bengi banafungiwaka mu nyumba. Bengine banapona. Bengine nimeandika karatasi zabo. Angebaki mule mupaka jioni, leo ningekuwa naandika yake."

Nesi mmoja alikuwa amesimama karibu na trei ya dawa. Aliponyamaza daktari, alisogea.

"Minye ni Stéphanie," alisema. "Mama Julie alikuja kwangu. Niliandika jina lake mu cahier, nikamuambia arudi na bwana wake. Nilimungojea mwezi muzima."

Bertin aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea salamu.

Siku nne za kwanza Julie hakumjua mume wake. Alimwita "Monsieur l'inspecteur". Alimwomba msamaha kwamba darasa halikuwa tayari, kwamba watoto bado hawajafika, kwamba ubao haujafutwa. Alivuta nyuzi zisizokuwepo kwenye shuka. Bertin alikaa kwenye kiti cha plastiki, na kwa kuwa hakujua la kufanya, alijibu kama mkaguzi.

"Haina shida, madame. Darasa iko vizuri."

"Kweli?"

"Iko vizuri sana."

Julie alitulia kidogo. Bertin alitoka nje, akasimama nyuma ya jiko ambako ndugu wa wagonjwa walikuwa wanasonga bukari, akalia mbele ya wanawake asiowajua. Mmoja alimsogezea kibao cha kukalia.

Siku ya tano Julie aliamka, akatazama bandeji mikononi, akatazama dirisha, akasema kwa ulimi mzito, "Leo ni siku gani?" Aimée alipomwambia, alihesabu kwa vidole, akashindwa, akaacha.

Alikaa hospitalini siku kumi na moja. Kila siku vidonge vilipungua. Siku ya mwisho daktari aliwaweka wote watatu kwenye benchi.

"Hapa tumetoa sumu mu mwili," alisema. "Ile ni kazi ya kwanza, tena ni ndogo. Kuishi bila kunywa, hiyo hatukuimaliza, hata hatukuianza. Inaanza leo ku nyumba. Paroisse iko na kikundi, kila Alhamisi. Mwende bote."

"Na kazi yangu?" aliuliza Julie.

Daktari alimpa kalamu, akamwambia aandike majina kumi ya wanafunzi wake. Aliandika matatu. Herufi zilikuwa zinacheza, kubwa na ndogo, kama za mtoto wa mwaka wa kwanza. Aliitazama karatasi kwa muda, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kifua cha nguo yake.

"Inaweza kurudi," alisema daktari. "Kwa bengine inarudi. Siwezi kukudanganya."

Nyumbani watu walikuja kumtazama. Didier alikuja na maembe, akakaa dakika kumi bila kuinua uso, akaondoka. Directrice alikuja na soda mbili, akasema kwamba darasa limepewa msichana mmoja kwa muda, na kwamba mambo mengine yataonekana mwaka kesho. Julie alimshukuru. Wanawake wa mtaa walikuja jioni wakiwa pamoja, mama Josée kati yao, na mmoja akaanza, kama adabu inavyotaka:

"Ile malaria ilikutesa sana, mama."

"Haikuwa malaria," alisema Julie. "Ilikuwa lutuku."

Bertin, aliyekuwa mlangoni, aliangalia viatu vyake.

"Tulijua, mama," alisema mama Josée. "Karibu ku nyumba." Akaanza kumenya embe.

Kesho yake Bertin alichukua nyundo na patasi, akautoa mlango wa chumba cha nyuma kwenye bawaba zake. Alitaka kuuchoma. Alikuwa ameuegemeza ukutani na anatafuta mafuta ya taa Julie alipotoka uani, anatembea polepole kama mtu aliye ndani ya mashua.

"Uurudishe," alisema. "Utengeneze ile ubao Aimée alivunja, uurudishe. Mulango haukukosa kitu."

Akaurudisha.

Alitafuta namna ya kuomba msamaha, lakini kila mara neno liligeuka kitu. Alileta samaki. Alileta kitenge kipya. Alimnunulia daftari na kalamu, akajuta alipomwona anavitazama. Julie alipokea vyote na kusema asanti. Mchana alikaa barazani na Aimée, wakijaza daftari kwa majina: Aimée anataja, mama anaandika, kisha Aimée anafunika na kumwuliza. Siku nyingine alikumbuka ishirini. Siku nyingine sita. Mara mbili alisimama ghafla, akaenda mpaka njia ya kwa muuza lutuku, akasimama pale, akarudi. Mara ya pili aliporudi alimwambia Aimée, "Nilifika mupaka ku mulango yake." Aimée hakumgombeza. Alimsogezea kiti.

Na kila Alhamisi jioni walikwenda kwenye ukumbi wa parokia. Kikundi kiliongozwa na papa Georges, dereva wa treni aliyestaafu, ambaye hakuwa amegusa pombe kwa miaka kumi na mmoja. Watu walikaa kwenye madawati, kila mmoja akasema jina lake na kilichompata. Julie alisema siku ya kwanza kabisa. Bertin alimsindikiza, akangoja nje, akitembea kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine. Alhamisi ya pili vilevile. Ya tatu, papa Georges alitoka mlangoni.

"Papa Bertin, huku ndani kuko viti."

"Minye sikunywake."

"Ninajua. Ingia."

Alikaa dawati la mwisho. Walipomaliza wengine, macho yakamgeukia, si kwa kumlazimisha. Bertin alisimama. Mikono yake, iliyozoea nyaya, ilitafuta kitu cha kushika.

"Minye ni Bertin," alisema. "Bibi yangu aliniomba nimupeleke ku hôpital. Nilikataa juu ya aibu. Sikutaka bantu bajue. Nilimufungia mu chumba, siku tatu. Alipiga mulango, nikakunywa chai yangu. Kisha, wakati niliona hali inaharibika, nikafungua, tukamukimbiza kwa docteur. Mungu alimuponya. Ni ile tu."

"Asanti, papa Bertin," walisema watu.

Alikaa chini. Kifua chake kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Karibu afurahi.

Walirudi kwa miguu, jua limeelekea kuzama nyuma ya bomba la moshi la kiwanda, wafanyakazi wa zamu ya mchana wakiwapita kwa baiskeli. Walivuka reli. Hapo Julie alisimama, akapumzika kidogo, kwa sababu miguu ilikuwa bado haijapata nguvu.

"Bertin. Haiko weye ulifungua."

Bertin alimtazama.

"Aimée aliniambia," aliendelea Julie. "Ni yeye, na mama Josée, na shoka. Weye ulikuwa ku kazi. Ufunguo ulikuwa mu mufuko yako."

Bertin alitaka kusema kwamba ulimi wake umeteleza tu, kwamba mbele za watu maneno hujipanga yenyewe. Na ilikuwa kweli: uongo ule ulikuwa umepita kooni mwake laini kabisa, hata hakuusikia ukipita. Hilo ndilo lililomtisha.

"Ndiyo," alisema Bertin. "Njo vile. Haiko minye."

"Sikuambii juu ya kukuumiza." Julie aliongea polepole, ulimi ukitafuta njia yake. "Kuko siku zimepotea mu kichwa yangu, Bertin. Siku za mule ndani, na za ku hôpital. Docteur alisema hazitarudi. Sasa ni weye uko nazo. Basi usizigeuze. Uzichunge sawa zilivyokuwa."

Baiskeli mbili zilipita, mmoja akasalimu, wakaitikia.

"Alhamisi inayokuya utasema tena," alisema Julie.

"Nitasema."

"Na ya ufunguo."

"Na ya ufunguo."

Julie alishika njia, hatua ndogo ndogo, bila kumshika mkono na bila kumkataza kumkaribia. Bertin alibaki kidogo pale relini. Kisha akamfuata, akiyapanga maneno upya kichwani, tangu Jumanne.